Baba Yangu Si Mjomba Wako

Jumatatu, 18 Machi. Mbeya

Muhula umeanza na mvua. Bati la hosteli linavuja juu ya kitanda changu, tukakisogeza, likavuja juu ya kitanda cha Anjela. Sasa vitanda vyote viwili viko katikati ya chumba na tunalala kama ndugu.

Leo tumeanza somo la kutengeneza tovuti. Mwalimu Ambokile hakusalimia. Aliandika mistari michache ubaoni, akasema tuiandike kwenye kompyuta kama ilivyo, kila mtu aweke jina lake. Nikaandika, nikafungua ukurasa, na jina langu likatokea kubwa, jeusi, katikati ya weupe: Verediana Kalinga. Nililitazama mpaka aliyekaa jirani akacheka. Jirani mwenyewe ni Gwakisa, CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, kijana wa Tukuyu mwenye maneno matamu. Jina lake lilikuwa limegoma kutokea. Alisahau kufunga alama moja. Nikamfungia.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Kipindi hakuna.

Jumatano, 27 Machi

Gwakisa amekaa tena pembeni yangu maabara. Anasema naeleza vizuri kuliko Mwalimu. Jioni ameniletea mkungu wa ndizi za kwao, ameupandisha hosteli begani kwenye tope lote lile.

"Huyo anataka kitu," Anjela amesema.

"Na mimi nataka," nikamjibu. Tumecheka sana.

Jumapili, 31 Machi. Mafinga

Pasaka. Nimekuja nyumbani na kazi ya chuo: tutengeneze ukurasa wa biashara ya kweli, kwa picha tulizopiga wenyewe. Sikuhangaika kuchagua. Karakana ya Baba.

"Picha ya nini?" aliuliza.

"Ya chuo, Baba. Nataka kuonyesha kazi yako."

"Basi subiri ninyoe ndevu."

Alitaka kuvaa koti la kanisani, nikakataa. Nimempiga picha akiwa ameegemea randa, maranda ya msonobari yamemfika viwikoni, nyuma yake ule mlango mkubwa wa kanisa alioumaliza juzi. Hajui kutabasamu kwenye picha. Ila ukimtazama machoni, anatabasamu.

Ijumaa, 12 Aprili

Ukurasa umekamilika. Picha zote nimeziweka kwenye nafasi yangu ya mtandaoni, ile ya bure tuliyofunguliwa kila mmoja. Juu ni Baba, chini jina lake: Jailos Kalinga, fundi seremala, Mafinga. Rangi ya mandhari nimeitoa kwenye ubao wenyewe.

Gwakisa ameomba faili. "Nione tu ulivyopanga, Vere. Sitagusa kitu." Alikuwa ameshika mwavuli wangu, tumesimama wote ndani yake. Nimempa kwenye flashi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekabidhi leo, siku ya mwisho. Nilichelewa kwa sababu ya ile rangi ya ubao, kila nikiitazama naona imezidi wekundu.

Jumatano, 24 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa mbaya hivi.

Mwalimu aliwasha projekta, akafungua kurasa mbili ukutani, moja kulia na moja kushoto. Ya kulia ilikuwa yangu. Ya kushoto ilikuwa yangu pia. Randa ileile, mlango uleule, Baba yuleyule. Ila chini ya Baba imeandikwa: Mjomba wangu Samwel, fundi seremala wa Uyole. Na juu kabisa, jina la Gwakisa.

"Verediana, simama. Hii ya kushoto imeingia mapema, hii yako imeingia siku ya mwisho. Nieleze."

"Mwalimu, huyo ni baba yangu."

Darasa likacheka. Si wote, lakini waliotosha.

"Gwakisa. Huyu ni nani?"

"Ni mjomba, Mwalimu. Mdogo wake mama." Hakupepesa macho. Halafu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya huzuni, "Aliniomba faili aone tu nilivyopanga. Aliniambia hatagusa kitu."

Maneno yangu. Yaani maneno yake, aliyoniambia mimi chini ya mwavuli wangu, sasa amenivika mimi.

Nikasema picha ziko kwenye simu yangu, nije nimwonyeshe. Mwalimu akasema faili ukipewa na picha unapewa, hilo si jibu. Nikasema twende Mafinga. Hapo darasa likacheka lote.

"Kaa chini. Sifuri. Ikijirudia, mtihani hutaufanya. Na umwombe radhi CR wako, hapa hapa, kila mtu asikie. Chuo hiki hatulei wezi."

Nilisimama. Nikasema samahani. Nimelisema. Gwakisa akaitikia, "Usijali, dada," kwa upole kabisa, na wasichana wa mbele wakamwonea huruma.

Nimerudi chumbani kwa miguu kwenye mvua. Anjela amenivua viatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Baba amepiga simu. "Vipi, mama, ile picha yangu wameionaje?"

"Wameipenda, Baba."

"Hata ndevu?"

"Hata ndevu."

Nilipokata simu niling'ata shuka.

Jumapili, 28 Aprili

Kanisani padri amehubiri habari ya kusamehe. Nimehesabu vioo vya madirisha.

Jumanne, 7 Mei

Leo Mungu amenipa kitu, na sidhani kama alikusudia.

Nilikuwa napanga upya nafasi yangu ya mtandaoni. Picha ya Baba nikaibadilisha jina la faili, basi. Maabara ilikuwa imejaa. Ghafla nikasikia Gwakisa nyuma yangu: "Aisee! Picha yangu imeenda wapi?" Kwenye skrini yake pale alipokuwa Baba pamebaki kisanduku kitupu.

Nikarudisha jina la zamani. "Imerudi," akasema.

Nikaondoa tena. "Imepotea tena! Hii kompyuta vipi?"

Nikafungua mistari ya ukurasa wangu, nikaisoma upya. Picha haiwi ndani ya ukurasa. Kwenye ukurasa unaandika tu anwani ya mahali picha inapokaa, na ukurasa unakwenda kuichukua huko kila unapofunguliwa. Gwakisa alipokopi ukurasa wangu, alikopi na anwani. Alibadilisha majina ya watu, ya kwenye anwani hakuyajua maana yake. Ukurasa wake kila siku unakuja kwangu kuchukua picha. Na rangi. Na ukubwa wa maandishi. Vyote viko kwangu. Nyumba ni yake, lakini swichi za taa ziko chumbani kwangu.

Nimemweleza Anjela. Ameruka kitandani. "Vere, huo si ndio ushahidi? Nenda kwa Mwalimu kesho asubuhi!"

Ni kweli. Ni ushahidi mtupu. Angeangalia mistari miwili tu angeelewa.

Nikamwambia bado.

"Bado nini?"

"Mwalimu ataniita ofisini, atafunga mlango, atanirudishia alama zangu kimya kimya. Na yule ataitwa kimya kimya. Mimi nilisimamishwa mbele ya watu, Anjela. Nililiomba radhi jizi lililomwiba baba yangu."

Alhamisi, 9 Mei

Nimegeuza maandishi yake yote kuwa ya waridi. Amekaa nayo mchana kutwa.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua zimeanza kukatika. Asubuhi milima inaonekana yote, na baridi inashuka.

Leo nimefanya maandishi yake yawe madogo kama wadudu. Nimesubiri. Kipindi kilipoisha alinifuata nje.

"Vere, najua una kinyongo. Lakini nisaidie, ukurasa wangu umeingiwa na kirusi."

"Kasome noti."

"Dada, tafadhali."

Nimemtazama. Sijawahi kujua kwamba ana jino moja limekaa kwa upande. Zamani ningeliona zuri. "Si kazi yako mwenyewe?" nikasema. "Aliyeitengeneza atakuwa anajua pa kurekebisha."

Nimekula ugali wote jioni hii na nikaongeza.

Jumanne, 21 Mei

Sasa najifunza kwa kasi ambayo sikuijua. Kila ninalotaka kumfanyia lazima kwanza nilisome: kuficha, kuzungusha, kupepesa. Jana ukurasa wake ulisimama kichwa chini. Kwenye jaribio la jana nimepata alama za juu kuliko wote. Mwalimu ametaja jina langu bila kuinua macho.

Gwakisa amekonda. Anasema usiku halali. Safi.

Ijumaa, 31 Mei

Limetoka tangazo: Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Juni kutakuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi. Wazazi wanaruhusiwa, na watakuja watu wa kampuni kuchagua wa kwenda kwao kwa mafunzo ya vitendo. Kwa darasa letu atapanda jukwaani Gwakisa, na ukurasa wa mjomba.

Nimeshajua nitakachofanya. Nimetengeneza picha nyeusi tupu, katikati neno moja jekundu: MWIZI. Asubuhi ya siku hiyo nitaiweka mahali pa picha ya Baba. Itajaa ukuta mzima.

Anjela ameniambia mama yake Gwakisa atakuja kutoka Tukuyu, ameshonesha nguo.

Nikasema vizuri, awepo.

Anjela hajanisemesha mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Juni

Baridi kali. Tangu wiki iliyopita simfanyii lolote, namwacha ukurasa wake utulie, aamini kirusi kimekwisha. Amerudi kupiga miluzi koridoni.

Jumatano, 19 Juni

Nimejiponza.

Gwakisa alikiogopa kile kirusi kuliko nilivyodhani. Amempelekea Rabson wa mwaka wa tatu aukague ukurasa kabla ya maonyesho, na Rabson si mjinga. Aliona anwani zinaelekea wapi. Amehamisha picha zote, rangi, kila kitu, amevipeleka kwenye nafasi ya Gwakisa mwenyewe. Nimebadilisha, hakuna kilichotikisika. Nimefuta, hakuna. Swichi zangu hazina taa tena.

Na ushahidi umekwenda nao. Ningeenda kwa Mwalimu mwezi wa tano, leo ningekuwa nimeshamaliza.

Alinisubiri kwenye ngazi za maabara. Alikuwa anatabasamu na lile jino lake.

"Kumbe kirusi ni wewe."

Nikataka kupita.

"Ningekushtaki, ujue. Lakini mimi si mtu wa visasi." Akanigusa bega. "Jumamosi uje, uone kazi nzuri."

Anjela amenikuta nimekaa gizani na hakusema kwamba aliniambia. Ningekuwa mimi, ningesema.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempigia Baba. Nilisema maneno niliyoyapanga tangu alfajiri.

"Baba, Jumamosi chuoni kuna maonyesho. Picha yako itaonyeshwa ukutani. Njoo."

"Ya kwako wameichagua?"

"Njoo tu, Baba. Uone."

Nikasikia anamwita fundi mwenzake, "Eliezeri! Lori gani linashuka Mbeya kesho usiku?"

Sikumwambia uongo hata neno moja. Nimelipima kila neno ili lisiwe uongo. Mtu asiye na hatia hapimi hivyo.

Jumamosi, 22 Juni

Baba alifika na lori la mbao linalokwenda Tunduma. Amevaa koti la kanisani, viatu vimepakwa dawa vikang'aa. Amenyoa. "Kamwene," nikamsalimia Kihehe, akaitikia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu. Aliniletea mfuko wa viazi.

Ukumbi ulijaa. Nilimkalisha safu ya tatu, kiti kimoja wazi kando yake, na hicho kiti akaja kukikalia mama mnene wa makamo mwenye kitenge kipya cha bluu. Wakasalimiana. Nikamsikia anasema anatoka Tukuyu, amekuja kumwona mwanawe. Baba akasema na yeye amekuja kumwona binti yake. Wakafurahi wote wawili, wakaanza kuulizana habari za mvua. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani.

Zamu ya darasa letu ikaja. Gwakisa alipanda, shati jeupe, akawasha. Baba akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango.

Baba yangu aliguna kwa furaha. Akamgusa yule mama mkononi. "Huyo mimi," alisema. "Kazi ya binti yangu hiyo."

Yule mama akatazama ukuta, akamtazama Baba, akacheka. "Ni wewe kweli! Hata pua!"

Ndipo Gwakisa akasema kwenye kipaza sauti, "Hii ni karakana ya mjomba wangu Samwel, mdogo wake mama, fundi wa pale Uyole."

Nilikuwa nimeusubiri muda huo tangu Aprili. Nilipaswa kumtazama Gwakisa. Nilimtazama Baba. Furaha haikumtoka usoni kwa mara moja, ilitoka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake na bado anajaribu kuwa na adabu.

Wa kwanza kusema alikuwa mama yake Gwakisa. Hakukusudia ubaya. Alidhani mwanawe amekosea tu.

"Gwakisa, baba," aliita kwa sauti kutoka pale alipokaa, "mjomba yupi? Mimi sina mdogo Uyole. Huyu mzee si huyu hapa?"

Ukumbi mzima uligeuka. Gwakisa akamwona Baba. Alifungua mdomo, kipaza sauti kikapiga kelele mkononi mwake.

Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Samahani, walimu. Mimi naitwa Jailos Kalinga, natoka Mafinga. Huyu kijana simfahamu. Ila picha ni yangu, alinipiga mwanangu Verediana siku ya Pasaka."

Mwalimu Ambokile alitoka pembeni haraka. "Basi, basi. Hili tutalizungumza ofisini."

Sijui miguu ilinifikishaje mbele. "Hapana, Mwalimu. Aprili hatukulizungumza ofisini. Uliniita mwizi mbele ya darasa. Ukanisimamisha nikamwomba radhi huyu."

"Verediana, kuna wageni."

"Ndiyo, Mwalimu. Wapo."

Alitazama safu za viti. Alimtazama Baba, aliyekuwa bado amesimama. "Nilikosea," alisema. "Samahani, Verediana."

"Wa nyuma hawajasikia, Mwalimu."

Akarudia kwa sauti. Ninaandika hapa kwamba ilikuwa tamu. Sitaki kusema vinginevyo.

Kisichokuwa kitamu ni hiki. Mama yake Gwakisa alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya Baba na kile kitenge kipya, akasema, "Baba, nisamehe, sikumfundisha hivi." Baba alimshika mikono akamwinua. Gwakisa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Alimwacha mama yake na aibu yote ile peke yake.

Nilimsindikiza Baba mpaka barabarani. Aliuliza tu kama viazi vitaiva vizuri kwa jiko la hosteli.

Jumatano, 26 Juni

Nimepewa alama zangu. Gwakisa amevuliwa uongozi wa darasa na atarudia somo mwakani. Watu wa kampuni wamechukua namba yangu.

Jioni alikuja hosteli, akasimama nje ya geti. Alitaka niandike kwa mkuu wa idara kwamba nimemsamehe, huenda wakamruhusu kufanya mtihani.

"Nilikuwa sielewi kitu, Vere. Tangu siku ya kwanza. Na mama alishawaambia watu wote nyumbani kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Niliogopa."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ni kweli alikuwa anaogopa. Niliona.

"Ungeniambia huelewi," nikasema, "ningekufundisha mpaka ungeelewa. Ulikuwa unajua hivyo."

"Nilikuwa najua."

"Basi karudie."

Nikafunga geti. Anjela alikuwa dirishani. Amesema mimi ni mgumu. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 7 Julai. Mafinga

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Baada ya misa tulirudi mimi na Baba kwa njia ya nyuma ya msitu, tumejifunga mablanketi shingoni. Alikuwa hajaligusa lile jambo tangu nirudi, na mimi nilidhani halitaguswa.

"Yule kijana vipi?" aliuliza.

"Anarudia somo."

"Na mama yake?"

Nikasema sijui.

Tukatembea. Lori tupu likapita, tukasimama pembeni mpaka vumbi likatulia. Akanifuta vumbi begani kwa kiganja.

"Tangu Aprili ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Baba."

"Kwenye simu ukasema wameipenda."

"Ndiyo."

"Nilipokuja Mbeya, nilimwambia dereva wa lori njia nzima kwamba naenda kumwona mwanangu akisimama mbele ya watu." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Sasa nikuulize kitu kimoja, mama, na usinijibu haraka. Siku ile uliniita nikuone, au uliniita nionekane?"

Akaendelea kutembea, na mimi nikafuata.

Kama ni Gwakisa, ningefanya tena kesho. Kama ni Mwalimu, ningemfanya aseme kwa sauti kubwa zaidi. Hilo naliandika na silifuti. Lakini Baba sijamjibu. Tumekula, tumekaa motoni, amekwenda kulala. Jibu nalijua. Na yeye analijua, ndiyo maana hajauliza tena.